Kingindo cha Mama

Somoe alikuwa amechoka kukatiwa simu. Tangu serikali ipige marufuku mazungumzo yoyote ambayo mtambo wake wa kusikiliza simu hauyaelewi, kila alipompigia mama yake, Bi Asumini, huko Liwale, na mama akateleza kidogo kwenye Kingindo, laini ilikufa. Kiswahili cha Bi Asumini kilikuwa cha sokoni tu. Maumivu yake aliyajua kwa Kingindo.

Siku mama alipoanza kueleza anavyotapika damu, na simu ikakatika tena, Somoe alifunika cherehani yake akaenda ofisi ya mawasiliano.

"Dada, hatujakataza lugha ya mtu," karani alimwambia kwa upole. "Ni mtambo tu haujaijua. Ufundishe."

Alikaa mbele ya kinasa sauti siku nne, akitaja neno moja moja pamoja na maana yake, mpaka koo likamkauka. Siku ya tano simu ilipita bila kukatika. Mama aliongea kama aliyefunguliwa kamba: damu imekoma, dawa ni chungu, mvua zimechelewa. Kisha akashusha sauti.

"Mwanangu, maadamu wametuachia lugha yetu, nikwambie baba yako alikojificha asikamatwe miaka yote hii. Yuko..."

Somoe alikata simu kwa mkono wake mwenyewe.

Haikupita dakika ikaita tena. Alikaa akiitazama inavyoita, asijue amwambie mama kwa lugha gani kwamba anyamaze.