Kura ya Shingo Upande

Kura ya shingo upande haihesabiwi. Kisanduku cha ukutani husikiliza sauti yako, na kikihisi kinyongo huikataa.

"Namtaka Lugendo," alisema Siwema.

"Sauti ina kinyongo. Jaribu tena," kisanduku kilijibu.

Lugendo alikuwa mwongo, lakini mpinzani wake alikuwa ameapa kubomoa mtaa wao wote.

"Mama Sikitu, kiambie kwa sauti ile uliyonijibu mimi nilipokuposa," mumewe alimchokoza kutoka jikoni.

"Siku ile nilikuwa na njaa!"

Walicheka. Kisha Siwema akafumba macho, akamwaza mumewe enzi za ujana.

"Namtaka Lugendo."

Kura ikapokelewa.

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni, kicheko kimemkauka.

"Sauti hiyo ilikuwa yangu," alisema. "Sasa nitajuaje kama ni ya kweli?"

"Nakutaka wewe," Siwema alijibu haraka, kwa sauti ileile.