Siti Iliyoshushwa

Baiskeli ilikuwa ya Malimi, lakini siti ilikuwa ya mtu mfupi.

Justa aliliona hilo siku ile ile mumewe alipoikokota hadi uani, mpya, karatasi za dukani bado zimeviringishwa kwenye fremu. Malimi alikuwa mrefu, mtu wa kuinama kila mlangoni. Alipoipanda, magoti yalimfika kifuani, na majirani wa Igoma wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fundi mmoja akaja na spana aipandishe siti. Malimi akamzuia.

"Iache hivyo hivyo, bwana. Ndivyo nilivyoitaka."

Haya. Mtu mzima akishasema ndivyo alivyoitaka, utamfanya nini?

Kilichomuuma Justa hasa kilikuwa kiinua mgongo. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimepunguza watu, Malimi akiwemo, na walichompa mkononi ndicho kilichokuwa tegemeo lao lote. Justa alikuwa akichuuza samaki. Aliwafuata mwaloni Kirumba, wavuvi wanakoshushia, na kurudi nao Igoma beseni kichwani, mpaka shingo ikawa haigeuki vizuri. Alitumaini watazungumza, waone la kufanya. Lakini biashara sasa ilikuwa ruksa, baiskeli zilizokuwa zikitafutwa kwa kibali zimepangwa hadi barazani mwa maduka, na Malimi akaenda mjini akarudi na yake bila kumwambia mtu. Mwanaume aliyebaki mifupa, anayekohoa mpaka anashika ukuta, ananunua baiskeli!

Na wiki ile ile alikuwa amemwuliza jambo la ajabu wakiwa wanakula.

"Mama Kija, hivi babu yako mzaa baba aliitwa nani vile?"

"Kulwa. Unamtaka wa nini, naye alishakufa?"

"Nimemkumbuka tu."

Kila Jumanne na Ijumaa Malimi aliondoka na baiskeli asubuhi, akarudi mchana akihema. Akiulizwa alikokwenda, alisema mjini. Mara nyingine alijisemea huku akinywa uji: "Pale Mabatini penye mlima, bora ushuke ukokote. Ukilazimisha, mzigo unakurudisha nyuma." Justa aliendelea kuosha beseni. Mlima wa Mabatini ulimhusu nini yeye?

Kisha akaona magamba ya samaki kwenye keria, nyuma ya siti.

Jirani yao Sabina ndiye aliyemalizia. "Mimi simo, mwenzangu, lakini nimemwona baba Kija mwaloni, amesimama na Shamsa. Wanaongea, wanacheka, hata jina lako nimelisikia. Lisemwalo lipo."

Shamsa alikuwa muuzaji wa samaki wa jumla, mcheshi, kafupi kama kinu. Justa alirudi uani akaitazama ile siti kwa muda mrefu. Sasa alijua ilishushwa kwa ajili ya nani.

Hakugombana. Jioni alimpima tu. "Kesho nipakilie beseni langu basi, tutoke wote."

"Kifua hakiniruhusu kupakia, mama Kija."

"Mwaloni kinakuruhusu?"

Malimi alikohoa, akaanza kuifuta siti kwa kitambaa. Huyu ndiye aliyemwona Justa kwa mara ya kwanza kijijini kwao, msichana juu ya baiskeli ya baba yake, mzee Mihayo, akampenda kwa sababu alikuwa akiikimbiza kuliko wavulana. Leo hata kumpakia mzigo hataki. Tangu siku hiyo Justa alimpikia, alimfulia, alimkanda kifua, lakini maneno matamu aliyafungia.

Mvua za vuli zilimkuta Malimi kitandani. Siku ya mwisho alimshika mkono. "Baiskeli usiigombanie. Nimeshazungumza na mzee Antoni, balozi."

Hata sasa, baiskeli. Justa aligeuza uso ukutani. Aliporudi kumtazama, alikuwa ameshakata roho.

Walimzika Magu, kwao. Justa alisimama kwa vidole vya miguu aone jeneza juu ya mabega ya shemeji zake, na bado hakuliona vizuri. Alilia kwa sababu alimpenda. Alilia pia kwa sababu alimkasirikia na hakuna tena wa kumkasirikia.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikuja Igoma kugawa vitu, kama ilivyo ada. Kaka mkubwa wa Malimi, Chenge, alitoa kitanda, akatoa redio, akatoa hata koti la marehemu. Akamalizia na baiskeli, akaisimamisha katikati ya ua na kuikamata usukani.

"Hii naondoka nayo. Risiti iko wapi, shemeji? Polisi njiani watasema nimeiba."

"Sina."

"Ninayo mimi," alisema mzee Antoni, balozi wao wa nyumba kumi. Akatoa bahasha mfukoni. "Marehemu aliniachia. Alisema nisome mbele ya wote, kwani baiskeli ni ya mwenye jina lake kwenye risiti."

Chenge alicheka. "Ni ya ndugu yangu, basi ni yangu. Soma, mzee."

Balozi alivaa miwani, akaisogeza karatasi mbali, akaileta karibu. Akakohoa.

"Hapa limeandikwa jina la mwanamke."

Sabina aliinamisha kichwa. Justa aliuvuta mtandio akajifunika uso, maana kumbe ilikuwa kweli, na sasa aibu yake ingesomwa kwa sauti mbele ya wakwe.

"Soma tu," alisema Chenge, mkono bado uko kwenye usukani.

Mzee Antoni alisoma polepole, jina moja moja, kama mtu aliyeombwa asikosee.

"Justa. Mihayo. Kulwa."