Sheria ya Nyuki ya Bi Nyamizi

Siku hizi sheria haziandikwi popote. Kila kaya hutunza moja kichwani, na mzee wa kaya akikwama mbele ya Mkusanyaji, anayepita kila mwaka kuzisikiliza, au akisahihishwa, sheria hiyo imekufa. Kaya ya Bi Nyamizi, kule Sikonge, ilitunza sheria ya nyuki ya Warumi wa kale: kundi likihama mzinga ni lako bado, maadamu unaliona na unalifuata.

Mwaka huu Bi Nyamizi alikuwa anasahau hata kama amekula.

"Mama, tujaribu tena," alibembeleza mkamwana wake, Kabula. Asali ndiyo iliyowalisha. Sheria ikifa, kundi litakalohama ni la yeyote atakayelinasa.

"We mtoto, mimi naisema tangu hujaota meno!"

Mkusanyaji alikuja, akaketi, akafumba macho. Bi Nyamizi akaanza vizuri. "Kundi likihama ni lako bado, maadamu unaliona..." Akamtazama Kabula, akatabasamu. "...na mkamwana anayekupikia uji ana nusu yake."

Kabula akajiuma ulimi.

"Hakukwama, wala hakusahihishwa," alisema Mkusanyaji. "Imepokelewa kama ilivyosemwa."

Jioni walicheka mpaka uji ukaungua. Kisha wakamsikia jirani yao Luhende, mtunzaji wa sheria ya mipaka, akifanya mazoezi ya zamu yake ya kesho mbele ya Mkusanyaji: "Kati ya nyumba mbili iachwe njia, na njia hiyo ni ya nyumba ya mashariki."

Kabula akaacha kucheka. Mwaka jana njia ilikuwa ya wote. Nyumba ya mashariki ni ya Luhende, na mlango pekee wa kina Kabula unafungukia njia hiyo.