Bangili ya Usingizi

Siku hizo hakuna aliyeajiriwa bila bangili ya kupimia usingizi. Ukilala vizuri unapanda cheo, ukikesha unaachishwa kazi, kwani matajiri wote waliamini biashara hustawi kwa wafanyakazi waliolala.

Mwanakombo alikuwa fundi wa kuchanganya viungo vya pilau, na Tanga nzima hakuwa na mpinzani. Ila ufundi wake ulimjia usiku, akikaanga bizari jikoni kwake na kuonja mpaka kunakucha. Basi kila jioni bangili alimvisha mama yake, Bi Saumu, aliyekuwa akilala fofofo.

Mchanganyiko wake mpya ulipogombaniwa masokoni, meneja alimsimamisha mbele ya wenzake.

“Mnamwona huyu? Analala kutushinda sote! Usingizi ndio mtaji, jamani!”

Wakampigia makofi. Mwanakombo akainamisha kichwa, vidole vyake vikinukia iliki.

Jioni hiyo alimkuta mama ameketi kitandani, yu macho kabisa.

“Mwanangu, leo usingizi sina. Kaa tuzungumze kidogo.”

“Mama, wamenipandisha cheo. Sasa wanataka ulale… yaani, nilale zaidi.”

Bi Saumu akacheka. Akaushika mkono wa bintiye, akaunusa kwa muda mrefu, kama anusaye ua.

“Kazi yako ndiyo hii, mwanangu. Wao wanajua nini?”

Kisha akanyoosha mkono avishwe bangili, akajifunika kanga, akafumba macho taratibu, kama mtu anayeondoka kwenda kazini.