Jibu Kabla ya Ijumaa

Devotha alibonyeza "ndiyo", na kumbukumbu yote ya ruta, kisanduku cha kuongoza mtandao, ikafutika.

"Umekiua?" baba mdogo Kilian aliuliza kutoka mlangoni.

"Hapana, baba mdogo. Kitabu kinasema kwanza ufute kila kitu, halafu upange upya mwenyewe. Ndivyo watakavyotupima Dar es Salaam."

"Na yaliyokuwamo?"

"Hayarudi. Lakini hayakuwa ya mtu."

Kilian, mlinzi wa misheni hapo Mbinga, alicheka. "Kama mtihani ni kufuta tu, hata mimi ningefaulu."

Ndiye aliyemletea kisanduku hicho. Miaka miwili Devotha alisomea mitandao ya kompyuta kwa michoro ya ubaoni. Ruta yenyewe hakuwahi kuigusa. Jumatatu Kilian aliitoa chini ya koti. Ilikuwa na joto, kama kitu kilichobebwa kifuani.

"Kilikaa tu, mwaka mzima sijaona mtu akikishika," alisema. "Kisomee, ukimaliza nakirudisha."

Akifaulu, Devotha angeajiriwa kuunganisha zahanati za kando ya ziwa, kuanzia kwao Liuli, ili mganga aweze kumuuliza daktari kabla mgonjwa hajapakiwa mtumbwini. Ilibaki barua pepe moja tu. Wasimamizi wa mtihani wangemtumia taarifa ya nafasi yake ya kufanya mtihani, naye aijibu kabla ya Ijumaa saa kumi alasiri. Asipojibu, nafasi na kazi vingekwenda kwa mwingine.

Miaka hiyo mjini palikuwa na intaneti moja tu, ya misheni. Jumanne alikwenda kwa Bruda Wendelin, mtawa aliyeisimamia.

"Shikamoo, Bruda."

"Marahaba, binti. Leo hakuna mtandao. Mvua hii."

Jumatano vilevile. Alhamisi Bruda Wendelin alimwonyesha dishi juu ya paa, limezama kwenye ukungu. "Fundi yuko Songea, na barabara ni tope tupu. Tuvumilie."

Devotha alirudi kwa Kilian, kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya kanisa. Akafuta, akapanga, akafuta tena. Sasa hakuhitaji kitabu. Vidole vilijua njia. Asichoweza ni kuyasogeza mawingu.

Ijumaa saa tisa uvumilivu ulimwishia.

"Bruda, niruhusu niangalie mitambo yenu. Nimefanya mazoezi wiki nzima."

"Wewe? Fundi amekataza tusifungue lile kabati."

"Bruda, nimebakiwa na saa moja."

Bruda alimtazama machoni, akalainika. "Kilian! Lete funguo."

Kilian alikuja mbio, uso umejaa fahari kwa mtoto wa kaka yake. Alifungua kabati mwenyewe, akasogea pembeni ili binti aonekane.

Ndani, nyaya nne zilining'inia hewani. Kwenye vumbi la rafu palikuwa na alama safi ya pembe nne.

"Usiogope," Kilian alimnong'oneza. "Nilikichomoa taratibu."