Kasuku na Wenzake

Kasuku, Chura na Nyenje walikuwa na bendi. Chura alitoa besi kooni, Nyenje alicharaza gitaa kwa mabawa, Kasuku aliimba na kujisifu. Yeye ndiye aliyeiita bendi Kasuku na Wenzake, na kila wimbo ulipokwisha alitangaza, "Mtunzi ni mimi!" ingawa nyimbo walizitunga pamoja.

Siku moja waliimba wimbo mpya wa kumtania Kiboko, kwamba akipiga miayo samaki huhama mtaa. Kabla ya kibwagizo kwisha, Kiboko mwenyewe akaibuka majini.

"Nani katunga huu?"

Kasuku alinywea. "Tumetunga sote, mzee! Sote watatu!"

Kiboko akaangua kicheko. "Miaka yote naogopwa tu, hakuna aliyewahi kunitungia wimbo. Watunzi wote njooni mwimbe arusi ya binti yangu!"

Kasuku akakohoa. "Kwa kweli, mzee, mtunzi hasa..."

"Ni sote," Nyenje akamkatiza. "Umeshasema mwenyewe."

Arusini, Kiboko aliuliza bendi inaitwaje. Chura na Nyenje wakamtazama Kasuku. Kasuku akasema, "Sote Watatu." Waliokuwapo wanasema hajapata kuimba vizuri kama siku ile.