Kawaida ya Mama Mkwe

Ufagio aliulaza kitandani, upande wa mume, akaufunika shuka mpaka shingoni kama mgonjwa. Mwenye upande huo alikuwa kazini. Kazi yake ni kusoma kurasa za gazeti usiku kucha, kusaka makosa kabla halijachapwa, na hurudi nyumbani jua limeshatoka.

Kesho, aliapa yule mke, uwanja ataufagia yeye. La sivyo atafunga mzigo wake arudi kwao.

Tangu aolewe hajawahi kuufagia uwanja wa ile nyumba ya wapangaji hata mara moja. Si kwamba hakutaka. Kila akiamka, kiza bado hakijaisha, mchanga ulikuwa umeshachorwa mistari ya ufagio, kutoka mlangoni kwake mpaka kwa fundi mwashi, kapera wa chumba cha mwisho. Na mama mkwe ameketi kwenye kigoda, anahema. Mzee wa watu mgongo umepinda, mkwe ndiyo kwanza anapiga miayo.

Aibu hiyo ilimganda. Mpangaji wa chumba cha kati, waliyemwita Redio kwa kuwa habari hailali mdomoni mwake, alimtania bombani mbele za watu: hivi bibi harusi wetu ameolewa au amelazwa? Watu wakacheka. Naye akacheka nao, akajitwika ndoo yake, akaenda kulia bafuni huku akimwaga maji ili wasimsikie.

Alijaribu kuwahi. Alilala mapema, usingizi wa gogo, lakini alfajiri aliamka mwili umechoka, miguu ya baridi kama aliyetoka kuiosha, na ameshachelewa tena. Alimwomba mama mkwe ampishe, walau siku moja, watu wamwone naye anainama. Mama akamwambia hiyo ni kawaida yake tu, asijisumbue, aendelee kulala.

Akampelekea mume mashtaka. Mume, ambaye neno halimpiti bila kulipekua, alicheka chai ikiwa bado mdomoni. Akamweleza kwamba kawaida ni neno la kutoka Kiarabu, na asili yake huko ni misingi, yale mawe ya chini kabisa yanayobeba nyumba.

"Sasa mke wangu, unataka kumng'oa mama jiwe lake?"

Jiwe gani hilo, alijiuliza, la kumfanya yeye aonekane gunia la usingizi mtaa mzima? Jioni hiyo ndipo alipouficha ufagio.

Alfajiri aliamshwa na vishindo vya nje: ndoo inasogezwa, kigoda kinapinduliwa. Mama anautafuta. Akatabasamu gizani, akauchomoa ufagio shukani, akafungua mlango.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti mlangoni kwa fundi mwashi. Mtandio umemteleza kichwani, na kwa viganja vyake viwili anafuta nyayo mchangani, haraka haraka, kama mtu anayezima moto.

Kumbe kawaida yenyewe ndiyo hii. Mama aliyemzaa mume wake, mama anayeamkiwa na mtaa mzima, kwa kapera aliye rika la mwanawe. Alitamani ardhi immeze yeye kwa kuona asichopaswa kuona.

"Mama," alinong'ona, "na wewe?"

Mama hakusimama. "Lete huo ufagio, mwanangu. Upesi. Redio keshaamka."

Kweli, komeo la chumba cha kati lilikuwa linagongagonga. Dharau ilimpanda, halafu huruma ikaipiku. Mama ni mama, na aibu yake ndiyo aibu ya nyumba. Akainama aanze kufagia pale pale aliposimama, amsitiri.

Ndipo alipoona kuwa njia za nyayo ni mbili. Moja ya ndara, na ndara ni za mama. Nyingine ya miguu mitupu, imetangulia mbele, na ile ya ndara inaiandama hatua kwa hatua, kwenda na kurudi. Ya miguu mitupu ilianzia kwenye kizingiti chake mwenyewe.

Taratibu akaushusha mguu wake juu ya unyayo wa kwanza. Kisigino kikaingia, vidole vikaingia, vyote.

"Kila usiku nakuita, mwanangu," mama alisema bila kuinua uso, viganja vikiendelea kufuta. "Macho umeyafumbua, lakini hunisikii."